Maswali ya Lugha: Aliona haya, au alijivunga?

SWALI: Assalaam alaykum, Mwalimu. Mimi ninasomesha Kiingereza katika skuli ya sekondari hapa Wete, Pemba. Wiki iliyopita wanafunzi wangu wa kidato cha tatu walisoma kisa kifupi ambamo kijana anamwuliza msichana kama atakubali kucheza naye dansi katika sherehe ya kijiji, na mwandishi anasema kwamba msichana yule alitabasamu "coyly" kisha akageuza uso. Kamusi ndogo tuliyonayo darasani inatoa maana ya "kwa haya", nami nikawaandikia hivyo ubaoni. Mwanafunzi mmoja wa kike akanyoosha mkono akasema, "Mwalimu, huyu haoni haya, huyu anajishaua." Darasa zima likacheka, lakini mimi sikuwa na jibu la kumpa. Naomba unieleze neno hili lina maana gani hasa, limetoka wapi, na kama lina udugu na neno "decoy", maana mwenzangu mmoja ananiambia kwamba yote mawili asili yake ni mtego. Tena tulifasiri vipi kwa Kiswahili chetu bila ya kumwonea msichana wa watu?

JIBU: Wa alaykum salaam, ndugu Mwalimu. Mwanafunzi wako ana sikio zuri, na nakuomba umfikishie salamu zangu, kwa sababu alichokisikia katika sentensi ile ndicho kinachopotea kila tunapoandika "kwa haya" mbele ya neno hili na kufunga kitabu. Neno alilolichagua yeye ni kali kuliko linavyomstahiki msichana wa kisa chenu, na hilo nitalirudia, lakini alipotambua kwamba pale hapakuwa na haya tupu alikuwa sahihi, na kamusi ilikuwa na upungufu.

"Coyly", ambalo Waingereza hulitamka "koi-li", ni kielezi kilichotokana na kivumishi "coy". Humweleza mtu anayejizuia mbele ya jambo ambalo moyo wake haulichukii, tena akajizuia kwa namna ambayo mwenzake atauona ule mzuio na kuvutwa nao. Ukikosekana upande mmoja wa maelezo haya neno halifai tena. Mtu asiyetaka kabisa, akakataa, huyo amekataa na mambo yamekwisha. Mtu anayetaka lakini akaogopa, akakimbilia ndani bila ya kugeuka nyuma, huyo ana haya. Anayetaka, akainamisha macho, kisha akayainua mara moja tu kutazama kama kule kuinamisha kumeonekana, huyo ndiye Waingereza wanayemsema kwa neno lako.

Haya yetu haigeuki kutazama nani ameiona. Mtoto anayejificha ndani ya kanga ya mama yake mgeni anapopiga hodi hafanyi vile ili apendeze. Haya imemshika, na lau angeliweza angeliyeyuka pale pale aliposimama. Hata biharusi wetu, anapotolewa mbele ya wanawake waliokuja kumtazama, hina mikononi na miguuni, amekaa kimya na macho yameinama kama alivyofundishwa na somo wake, hawezi kuelezwa kwa neno hili, ingawa mtu asiyezijua mila zetu akiutazama uso ule angeweza kulifikia haraka. Biharusi yule hamwiti mtu wala hamkimbii mtu. Anaiweka staha yake na staha ya nyumba aliyotoka, na miongoni mwa wanaomtazama hakuna wa kuvutwa na macho yale.

Sasa nije kwenye asili, ambayo kwangu mimi ndiyo tamu zaidi katika swali lako. Neno limeanzia katika Kilatini, "quietus", yaani aliyetulia, aliye katika mapumziko. Kilatini kilipokuwa kikigeuka vinywani mwa watu wa nchi ambayo leo ni Ufaransa, neno hilo lilipunguzwa na kulainishwa karne baada ya karne mpaka likawa "quei" na baadaye "coi". Wanormani walipoiteka Uingereza mwaka 1066, lugha yao ya Kifaransa ikawa ndiyo lugha ya mabwana na mahakama kwa muda mrefu, na maneno yake yakaingia katika Kiingereza kwa maelfu, hili likiwa miongoni mwao. Wafaransa wenyewe bado wanalo, ingawa limebakia katika misemo michache tu ya kunyamaza na kutulia tuli, na matamshi yake kwao siku hizi ni sawasawa na "kwa" yetu. Kiingereza kikalichukua neno lile lile la Kilatini mara ya pili, safari hii kwa njia ya wasomi, nalo likabakia karibu na umbo lake la kale: hilo ndilo "quiet", ambalo wanafunzi wako wanalijua tangu darasa la chini kwa sababu walimu hulipigia kelele kila siku.

Neno moja kuingia nyumba moja kwa milango miwili si jambo geni kwetu. Tulichukua "kahawa" kutoka kwa Waarabu moja kwa moja, tukazalisha na "mkahawa". Neno hilo hilo la Kiarabu likapita kwa Waturuki, Wataliana na Wafaransa, likaturudia baadaye sana likiwa "kafe" juu ya vibao vya Shangani, na wazee wanaokunywa kahawa ya tangawizi barazani hawana sababu ya kudhani kwamba vibao vile vinakitaja kikombe walichokishika. Vivyo hivyo Mwingereza wa kawaida hahisi kwamba "coy" na "quiet" ni ndugu wa baba mmoja. Na ukoo ni mkubwa zaidi ya hapo, kwani "quit", kuacha, na "acquit", kumwachia huru mshitakiwa, ni wa asili hiyo hiyo, kwa kuwa mtu aliyemaliza deni lake au aliyetolewa hatiani ndiye aliyepumzika kweli kweli.

Lilipoingia katika Kiingereza, neno hilo lilikuwa bado na utulivu wake. Geoffrey Chaucer, mshairi aliyefariki mwaka 1400, alipomsifu mtawa mmoja wa kike kwamba tabasamu lake lilikuwa "coy", maneno yake yalikuwa yanasema tabasamu la upole, lisilo na kishindo. Safari ya kutoka hapo hadi kwa msichana wa kisa chenu naiona hivi: ukimya wa mwanamwali ulihesabiwa kuwa dalili ya adabu, adabu ikawa sifa ya kumfanya aposwe, na sifa ikishajulikana kuwa inatafutwa, wapo watakaoivaa kama wanavyovaa vito. Maana ikatoka kwenye utulivu ikaenda kwenye staha, kutoka staha ikaenda kwenye kujitenga, na kutoka kujitenga ikafika kwenye kujitenga kwa makusudi ya kufuatwa. Neno halikuruka, lilitembea, na kila hatua ilikuwa karibu na iliyotangulia.

Njiani lilizaa pia kitenzi ambacho leo kimekufa na ambacho mimi nakisikitikia. Kitenzi "coy" zamani kilikuwa na maana ya kumtuliza mtu, kisha kumpapasa kwa mapenzi; katika tamthilia moja ya Shakespeare malkia wa vichimbakazi anakitumia anapoyapapasa mashavu ya mtu aliyerogwa akawa na kichwa cha punda. Mswahili hahitaji kufasiriwa mwendo huo, kwa sababu "kubembeleza" kwetu ni kumnyamazisha mtoto anayelia na ni kumlainisha mpenzi aliyenuna, na hakuna anayeona ajabu kwamba kazi hizo mbili zinafanywa na neno moja.

Kuhusu kiambishi cha mwisho, "-ly", kwa Kiingereza cha kale kilikuwa neno lenye maana ya mwili au umbo. Kwa hiyo ukilifungua neno lako kwa ukali wa kale, unapata kitu kama "kwa umbo la utulivu". Nalipenda umbo hilo, maana hata leo jambo lenyewe lipo zaidi katika mwili kuliko katika maneno: shingo iliyopinda kidogo, macho yaliyorembuliwa, ncha ya mtandio iliyoshikwa kwa meno, kidole cha mguu kinachochora mchangani.

Hapa namjibu mwenzako. "Decoy" si ndugu wa "coy", ingawa sura zao zinafanana. Asili inayokubaliwa na wengi kwa neno hilo ni Kiholanzi, "de kooi", yaani kile kizimba, na liliwahusu wawindaji wa bata waliokuwa wakiwaongoza ndege kutoka kwenye ziwa dogo kuingia katika njia nyembamba iliyofunikwa nyavu. Ile "de" ni kitambulisho tu cha Kiholanzi, kilichoganda mbele ya neno kama "al" ya Kiarabu ilivyoganda katika "alfajiri" na "Alhamisi" zetu. Nacho "kooi" kimetoka kwenye neno la Kilatini la tundu au kizimba, ambalo ni jengine kabisa na lile la utulivu. Nalisisitiza hili kwa sababu kosa la mwenzako si la lugha tu: anayeamini kwamba "coy" asili yake ni mtego ataona mtego katika kila msichana aliyeinamisha macho.

Na hilo linanifikisha kwenye jambo ambalo ningependa wanafunzi wako, wavulana kwa wasichana, walishike zaidi ya historia yote niliyoieleza. Neno "coyly" halisemi tu alichokifanya mtu, bali linatoa hukumu juu ya kilichomo moyoni mwake, na anayehukumu ni mtazamaji. Shakespeare alilionyesha hili vizuri katika utenzi wake wa Venus na Adonis, uliochapwa mwaka 1593. Venus, mungu wa kike wa mapenzi, anamwuliza kijana Adonis kwa nini anakuwa "coy" ilhali yeye haombi ila busu. Tazama kwanza kwamba anayeitwa hivyo ni mwanamume, jambo ambalo leo wengi hawalitarajii. Kisha tazama kwamba Adonis hajizuii kwa madaha hata kidogo. Hataki. Anataka kwenda kuwinda, anasema hivyo, na anakwenda, na nguruwe mwitu anamwua. Aliyesema kwamba anajizuia kwa kutaka afuatwe ni yule aliyemtaka. Basi kila mnapolikuta neno hili darasani, waulize wanafunzi ni nani anayelisema, na yeye anatamani nini.

Lugha yetu ina maneno mengi ya upande wa haya, na asili zao zinasaidia kuona kwa nini "kwa haya" peke yake haitoshi. "Soni" ndilo letu la Kibantu, na ndugu zake wapo mbali na karibu: Wakikuyu wana "thoni", Waganda "ensonyi", Wabemba "insoni", Wazulu "izinhloni". "Aibu" limetoka kwenye Kiarabu, na huko maana yake ni dosari, kasoro. Ndiyo maana aibu humpata mtu kwa jambo lililofanyika, ilhali haya anaweza kuwa nayo asiyefanya lolote. "Haya" nalo limetoka kwenye shina moja na "hai" na "hayati", shina la uhai, na "staha" limo katika shina hilo hilo. Angalia basi tofauti: Waingereza walianzia kwenye utulivu, nasi tulianzia kwenye uhai. Anayeona haya ni yule ambaye moyo wake u hai kiasi cha kuhisi macho ya wenzake.

Ukimya na haya hata hivyo vimekutana kwetu pia, na mahali vilipokutana panajulikana na kila aliyepita chuoni. Katika hadithi iliyomo katika Sahihi al-Bukhari, Bi Aisha alimwambia Mtume (S.A.W.) kwamba mwanamwali huona haya, naye akajibu kwamba ridhaa yake ni kunyamaza kwake. Neno alilolitumia Bi Aisha kwa kuona haya ni la shina lile lile la "staha". Wanazuoni wamejadili kwa urefu namna ya kuutofautisha ukimya wa kuridhia na ukimya wa kukataa, na hawakuliacha jambo hilo kwa kila mtazamaji aamue anavyopenda. Haya inayozungumzwa pale ni haya ya kweli, na kunyamaza kwake si mchezo wa kuvutia. Nimeitaja hadithi hii ili uone kwamba sisi pia tumewahi kuuhitaji uangalifu ambao neno la Kiingereza linautaka.

Tufasiri vipi, basi? Wengi hukimbilia "kujitia haya". Ni fasiri nzuri pale ambapo mwandishi anamlaumu mtu wake, kwa sababu "kujitia" hubeba uongo mtupu, kama anayejitia mgonjwa. "Kujishaua" alikokutaja mwanafunzi wako kuna kujionyesha ndani yake na kuna dharau ya msemaji. Humwambia hivyo mtu uliyechoka naye. "Maringo" na "nyodo" zina kiburi, na msichana wa kisa chenu hakuonyesha kiburi. "Madaha" ni mwendo mzuri wa mtu anayejua kwamba ni mzuri, na yanaweza kuwepo bila ya mtu mwengine kuulizwa wala kujibiwa. "Kudeka" kunakaribia sana, maana anayedeka anangoja kubembelezwa, ila mtu hudeka kwa aliyemzoea, na hawa wawili ndiyo kwanza wanaulizana kuhusu dansi.

Mimi nachagua "kujivunga". Nililisikia neno hili maisha yangu yote kando ya sinia la chakula kabla ya kulisikia katika mambo ya mapenzi. Bibi yangu alikuwa na shoga yake aliyekuwa akija nyumbani kwetu Ng'ambo baada ya sala ya adhuhuri, na kila siku alipokaribishwa alisema ameshiba, huku ameshakaa karibu na mkeka na mkono wa kulia ameshauosha. Bibi alimwambia, "Karibu shoga, usijivunge," na baada ya mara ya pili au ya tatu yule bibi alivuta bakuli la mchuzi. Hakuwa mwongo. Alikuwa na njaa, alikuwa na haya ya kula kwa watu, na alikuwa anapenda kukaribishwa zaidi ya mara moja. Mambo yote matatu yalikuwa ya kweli kwa wakati mmoja. Neno "coy" linapotumiwa kwa wema, hicho ndicho linachokisema: nusu ni haya ya kweli, nusu ni kungoja kuombwa tena, na hata mwenyewe pengine hajui mpaka uko wapi. Sijui neno jengine la Kiswahili linalozibeba nusu zote mbili bila ya kumtia mtu doa.

Yapo matumizi ya pili ambayo wanafunzi watayakuta katika magazeti ya Kiingereza, nayo hayana mapenzi ndani yake. Kiongozi akiulizwa kama atagombea, akatabasamu na kusema kwamba wakati haujafika, mwandishi wa habari ataandika kwamba alijibu "coyly". Mfanyabiashara asiyetaka kutaja faida yake, au mtu mzima asiyetaka kutaja umri wake, husemwa hivyo pia. Hapo fasiri "alijizungusha" au "hakutaka kufunua", na kama ana jibu na anafurahia kulificha, "alijikausha" litakaa vizuri.

Kwa sentensi yenu, ningeandika ubaoni: "Alitabasamu kwa kujivunga, akageuza uso." Ukiona kwamba masikio ya wanafunzi bado yanaunganisha neno hilo na chakula tu, ongeza kidogo: "Alitabasamu kwa haya ya kujivunga, akageuza uso." Umchague msomaji mmoja aisome kwa sauti, kwa kuwa neno hili linategemea sana lile tabasamu lililo mbele yake, ukiliondoa tabasamu, ukabakisha kugeuza uso tu, mtafsiri mwaminifu hana ruhusa ya kuandika zaidi ya "aligeuza uso".

Lipo jambo moja ambalo barua yako haikunieleza, na fasiri yangu inalitegemea. Hukusema kisa kinaendeleaje baada ya pale. Ikiwa kijana alimwomba msichana yule mara ya pili, naye msichana akanyanyuka akaingia uwanjani, basi "kujivunga" ni lake. Ikiwa alikwenda zake nyumbani, mwandishi wa kisa amemwonea kabla yetu, na ningependa mwanafunzi wako aliyenyoosha mkono ndiye aandike fasiri yake. Tafadhali niandikie tena unijulishe kama alicheza.